Sio kwamba mi ni jasiri

Toka niko darasa la nne watu wananiambia nina roho ngumu. Sindano silii, msibani silii, nyoka akiingia uani mimi ndo naitwa na fimbo, na bibi alikua ananisifia kwa wageni kwamba huyu mtoto ana moyo wa simba. Nikakua naamini hivyo.

Mwezi wa tatu nilikua kwa kaka yangu, nimekaa barazani na wifi tunachambua mchele. Mtoto wao, ana miaka mitatu, akasukuma geti akatoka mbio anafuata mpira, na lori la mchanga linashuka kwa kasi. Mi ndo nilimuona kwanza. Nilimuona kabisa, niliona hadi soksi yake moja imeshuka, niliona na lori, na sikunyanyuka. Sikuganda kwa woga, hapana, ndani kulikua kumetulia tu kama naangalia kitu kwenye TV. Wifi ndo aliruka, ungo huko mchele huko, akamdaka kwa kola ya fulana. Baadae alikua anatetemeka mpaka kikombe cha maji kinagonga meno, akaniangalia akasema, "Wifi, hivi wewe huogopi?" Hakusema kwa ubaya. Ila usiku ule sikulala.

Nyumbani kwetu tulikua tunajua baba karudi na hali gani kwa kusikiliza funguo. Zikiingia kwenye kitasa mara moja, salama. Zikigonga gonga grili zinatafuta tundu, basi usiku huo mama atapigwa na pengine na sisi. Mwanzoni nilikua natetemeka, tumbo linauma, najikojolea, na huko kulia kwenyewe kukawa kosa lingine la kuchapwa. Sasa mtoto atafanyaje? Kukimbia hawezi, pa kwenda hana, kwahiyo nikajifunza kuangalia kalenda ya ukutani na kusoma tarehe moja moja mpaka yaishe. Nilikua na kama miaka saba siku niliposikia funguo zinagonga na tumbo haliumi tena. Nilifurahi sana.

Baada ya lile lori ndo nikaanza kusoma, na kilichonishika kuliko vyote ni habari ya watoto wa Romania. Utawala wa dikteta wao Ceaușescu ulipoanguka 1989 dunia ikaona vituo vya kulelea watoto vilivyojaa watoto wasio na mtu wa kuwabeba wakilia. Mwaka 2000 watafiti wakaanza kufuatilia watoto 136 waliokua vituoni pale Bucharest, nusu wakapelekwa kwenye familia za kuwalea, nusu wakabaki kwenye utaratibu uleule wa vituo. Walipofika kama miaka 12 wakapewa vitu vya kutia presha, kuongea mbele ya watu wanaowapima, hesabu na kadhalika. Mtoto wa kawaida hapo moyo unadunda na kortisoli, ile homoni ya msongo, inapanda. Wale waliobaki kwenye vituo, mwili uliitika kidogo sana. Waliopata familia mapema, hasa kabla ya miaka miwili, miili yao iliitika karibu sawa na ya watoto wa kawaida. Niliposoma hapo nikaweka simu chini. Yani sio ujasiri, ni kengele iliyolia mno bila mtu kuja mpaka ikaacha kulia.

Na tupo wengi jamani. Utafiti wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walipigwa au kuumizwa kabla ya miaka 18. Sio wote wanakua kama mimi, wengi wanakua kinyume chake, wanashtuka hata mlango ukijibamiza. Ila sisi wa ganzi hatuonekani kwa sababu tunasifiwa.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mi nimeishi miaka miwili na mwanaume aliyewahi kunishikia kisu, wenzangu wananiambia ondoka, nawaona wanakuza mambo. Nimepanda boda usiku Mandela Road dereva ananuka gongo, sina helmeti, nachati. Na ganzi haichagui, imechukua na furaha, harusi ya kaka yangu watu wote wanalia kwa raha mi nahesabu viti.

Saa hizi namuona mshauri wa saikolojia kila Alhamisi. Kazi yenyewe ni ndogo ndogo, ananiuliza miguu inahisi nini, kifua je, mi nasema hakuna kitu, tunasubiri. Bado sina woga wangu mwenyewe, kwahiyo kwa sasa naazima wa wifi. Jana saa nne usiku nimefika kituoni, boda amebaki mmoja, macho mekundu, nikampigia nikamuelezea vyote nilivyoviona. "Wifi, wewe ungepanda?"

"Usipande. Kaa hapo kwenye mwanga, kaka yako anakuja."

Nikakaa.