Pono aliyechorwa kwa namba

Yule pono alitolewa ngalawani pale Bagamoyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mashavu bado yanacheza. "Fanya haraka, mwanangu, huyu anakwenda," mzee mvuvi aliniambia. Alisema kweli. Mara mbili kabla ya hapo nilikuwa nimekaa nachanganya rangi taratibu, na nilipoinua macho, kijani cha mgongoni kilikuwa kimeshageuka kijivu.

Safari hii nilifuata njia ya Ferdinand Bauer, mchoraji kutoka Austria aliyesafiri na Matthew Flinders katika meli ya Investigator kwenda Australia mwaka 1801. Bauer alichora kwa penseli, akajaza mchoro namba, kila namba na rangi yake, zilikaribia 1000. Picha nyingi alizipaka rangi miaka kadhaa baadaye, Uingereza. Kwangu hakuna mchoraji wa safari zile anayemfikia.

Chati yangu ya rangi niliitengeneza usiku uliotangulia: vijisanduku 60 tu, kila kimoja na rangi na namba yake, kwenye karatasi ileile nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba nitakayochorea, maana kila karatasi hunywa rangi kivyake. Niliiacha ikauke hadi asubuhi. Rangi ya maji hupauka ikikauka, kwa hiyo anayelinganisha samaki na rangi mbichi huishia na picha iliyofifia.

Nilimlaza pono juu ya sponji, kichwa kushoto, nikamfunika kitambaa kilicholowa maji ya bahari. Ya bomba hutia ukungu machoni. Kisha nikafunua mapezi kwa pini. Pezi la mgongoni lina miiba 9 na vijiti laini 10, na likiachwa limelala huwezi kuvihesabu. Bikari ikanipa urefu, kimo cha mwili na upana wa jicho.

Ndipo namba. Nilifunua kitambaa kipande kwa kipande. Kila gamba la ubavuni lilikuwa na kijani katikati, 14, na ukingo mwembamba wa waridi, 31. Nikaandika gamba moja kikamilifu, na kwa mengine nikatia namba pale tu rangi ilipobadilika. Namba hizo huandikwa kwenye rasimu, si kwenye karatasi ya mwisho: risasi ya penseli huonekana chini ya rangi nyepesi.

Sydney Parkinson, mchoraji aliyekuwa kwenye meli ya Endeavour ya Kapteni James Cook, hakutumia namba. Alipaka rangi kipande kidogo cha jani au ua, akaandika maelezo nyuma ya karatasi. Kule Tahiti nzi walikula rangi yake angali akipaka. Mwaka 1770, Australia, alichora michoro 94 kwa siku 14. Januari 1771 akafia baharini, na wachoraji wengine London wakamalizia mimea yake kwa maelezo yale.

Mimi nilisahau jicho. Nilipolirudia, duara lake lilikuwa limeshakuwa kahawia. Siku mbili baadaye nilipaka picha nzima kwa kufuata namba, na duara lile nikaliacha jeupe.