Loki ya Caen Hill bandani kwangu: wiki ya sita, bado inavuja

Wiki ya sita, na lango la chini bado linavuja. Nimeweka beseni chini ya meza, na kila nikirudi kazini usiku nalikuta nusu limejaa. Mke wangu ameshaacha kuuliza.

Kwa asiyejua habari yenyewe: natengeneza mfano wa mbao wa loki moja ya Caen Hill, pale Devizes, kusini-magharibi mwa Uingereza, kwa kipimo cha moja kwa ishirini. Waingereza wanaiita loki kwa jina lilelile la kufuli, ila kufuli sijaliona. Ni chumba cha maji ndani ya mfereji, kina milango huku na huku. Chombo kinaingia kwa chini, milango inafungwa nyuma yake, maji yanaachiwa kutoka juu, chombo kinapanda nayo taratibu mpaka kilingane na mfereji wa juu. Hapo unafungua mlango wa mbele, unakwenda zako. Kazi yote ya kunyanyua inafanywa na maji yanayoteremka.

Mimi naishi Swindon, si mbali na hapo. Mara ya kwanza nilipeleka mzigo Devizes, nikatafuta mahali pa kulia chakula changu, nikajikuta chini ya kile kilima. Loki 29 zinapandisha mfereji mita 72 ndani ya kilomita tatu tu, na 16 kati yake zimepangwa mstari mmoja kama ngazi, milango yake myeusi na myeupe imefuatana mpaka juu. Chakula kilipoa.

Ni mfereji wa Kennet and Avon, kazi ya mhandisi John Rennie. Kilima hiki ndicho kilichobaki mwisho. Kabla loki hazijakamilika mwaka 1810, mizigo ilishushwa chini ya kilima, ikapandishwa kwa mabehewa ya farasi juu ya reli, ikapakiwa tena upande wa pili. Kufika 1829 kazi ilikuwa nyingi hata wakafunga taa za gesi ili vyombo vipite usiku. Halafu reli ya London mpaka Bristol ikamalizika 1841, na mwaka 1852 kampuni ya reli ikaununua mfereji wenyewe. Hasimu wako akikununua, unajua kinachofuata. Mzigo wa mwisho kupita hapa ulikuwa nafaka, mwaka 1948. Baada ya hapo milango ilioza, majani yakaota ndani ya vyumba, mpaka watu wa kujitolea wakahangaika miaka na miaka, na Malkia Elizabeth akaja kuufungua upya mwaka 1990.

Turudi bandani. Chumba changu kina urefu wa mita 1.1 na upana wa sentimita 21.5, na kinanyanyua maji sentimita 12.5. Kukijaza ni ndoo moja na nusu. Loki ya kweli inakunywa kama lita 230,000 kila chombo kinapopita, ndiyo maana tangu 1996 kuna pampu kule chini Foxhangers ya kuyarudisha maji juu.

Kosa langu la kwanza ni la aibu. Nilipima upana wa chumba, nikagawa kwa mbili, nikakata kila ubao wa mlango sentimita 10.75. Nikafunga bawaba, nikatia maji, mbao zote mbili zikasukumwa zikapita moja kwa moja kama mlango wa baa. Milango ya loki haifungwi ikanyooka. Inakutana katikati kwa pembe, ncha ikielekea upande wa maji mengi. Kwa hiyo kila ubao lazima uzidi nusu ya upana. Kwa pembe ya nyuzi 18 niliyochagua ilitoka sentimita 11.3. Nusu sentimita hiyo ndogo ndiyo mradi mzima.

Nilimpigia mjomba Unguja. Yeye ni seremala, ametengeneza milango mingi ya mjini kuliko ninayoweza kuhesabu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Nimeiona picha ya mlango wako. Mfaa wake, ule mti wa katikati, uko wapi?"

"Hauna mfaa, mjomba."

"Mlango wa mbao mbili hauna mfaa? Komeo je?"

"Komeo pia hauna."

"Sasa unafungwa na nini?"

"Na maji. Yakisukuma, mbao zinabanana."

Akanyamaza kidogo. "Basi maji yako ni machache," akasema.

Nilikuwa nimeshinda wiki mbili nikilaumu patasi yangu. Nikachukua kalamu. Kwenye loki ya kweli, maji yakitofautiana mita 2.5, lango lenye upana wa mita 4.3 linasukumwa kwa zaidi ya tani 13. Mwaloni ukibanwa hivyo hauna hiari. Kwangu, msukumo wote haufiki hata kilo mbili. Kwa hiyo tundu ambalo kule lingejiziba lenyewe, kwangu linabaki wazi linanicheka.

Jumapili nilirudi Devizes kuangalia kwa makini. Mzee mmoja mwenye boti aliniachia nisukume boriti ya lango. Nilisukuma kwa mgongo mpaka miguu ikateleza, lango halikutikisika. Yeye anatabasamu tu. Maji ya pande mbili yalikuwa yamepishana pengine kiganja kimoja. Yalipolingana, lango likafunguka kwa mkono mmoja. Akanionyesha pia mstari mweupe ukutani, unaoonyesha mwisho wa kizingiti cha lango la juu. Ukiwa unashuka, nyuma ya boti isivuke mstari huo, maana maji yakipungua tezi itakaa juu ya kizingiti na omo itazama. Mstari huo nimeuchora kwangu jioni ileile, ingawa boti yangu ni kopo la siagi.

Dawa ya uvujaji aliitoa mjomba: kalafati, kama jahazi. Nimepasua pamba nyembamba, nikailoweka mafuta, nikaishindilia kwenye miimo na kizingiti kwa bisibisi butu. Pale mbao zinapokutana pamba haifai, itazuia mlango, kwa hiyo nimezipiga msasa zikiwa mahali pake, karatasi imebanwa katikati, mpaka mwanga wa tochi haupenyi. Halafu nimeziacha ndani ya maji siku mbili zivimbe.

Jana usiku nilijaza saa tatu. Asubuhi saa tatu maji yalikuwa yamepungua sentimita 3. Wiki iliyopita chumba kizima kilikuwa kikikauka kabla sijamaliza chai.

Kinachofuata ni bwawa la pembeni. Loki zile 16 zimekaribiana mno, hakuna nafasi ya mfereji wa kutosha katikati, kwa hiyo ubavuni mwake yamechimbwa mabwawa ya kuwekea maji. Plaiwudi nimeshanunua, nakata Jumamosi. Mjomba anataka video, nimemwambia asubiri. Beseni bado liko chini ya meza.