Faili la manyoya ya simba: nilipofikia

Masika wageni wamepungua, nikapata nafasi ya kupanga upya picha zangu za madume wa Serengeti. Kwa ambaye hajui: mimi ni dereva wa watalii, na kila dume ninayemkuta karibu na barabara nampiga picha, kisha naandika rangi ya manyoya ya shingoni, ya pua, na mpangilio wa vidoa penye mizizi ya sharubu. Vidoa ndiyo kitambulisho chake, havibadiliki. Naanza na safu ya juu kabisa, maana ina vidoa vichache, halafu naangalia vimekaa juu ya vipi katika safu inayofuata. Shavu la kushoto halifanani na la kulia, kwa hiyo nahitaji yote mawili. Pua inanipa umri kwa kukisia: ya mdogo ni ya waridi, miaka ikienda inajaa weusi.

Kinachosumbua ni mwanga. Jua la jioni humfanya kila dume kuwa wa dhahabu. Sasa siandiki rangi mpaka nipate picha inayoonyesha sikio kwa nyuma. Pale pana baka jeusi kwa kila simba, kwa hiyo napima weusi wa manyoya kwa huo wa sikio, ndani ya picha ileile.

Kwenye faili nimeongeza pia safu mpya ya kuandika joto la siku. Sababu ni utafiti wa Peyton West na Craig Packer, uliotoka mwaka 2002. Waliweka masanamu ya madume mbugani, mengine ya manyoya meusi, mengine ya rangi hafifu. Majike walimwendea mweusi. Madume wageni walimkwepa, wakamsogelea mwenye manyoya ya rangi hafifu au mafupi. Na wana haki ya kumwogopa: weusi uliendana na homoni nyingi za kiume na lishe nzuri, na mwenye nao akijeruhiwa alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupona.

Ila anaulipia. Kamera za joto zilionyesha mweusi anachemka zaidi, na mbegu zake nyingi zaidi zina kasoro. Jike anavuta huku, jua linavuta kule. Ndiyo maana huwa nabishana na madereva wenzangu wanaowaambia wageni kuwa manyoya ni ngao ya shingo basi. West alichunguza majeraha, hakuona kuwa shingo ndiyo inayolengwa zaidi.

Tsavo, Kenya, kwenye joto kali, jua limeshinda kwa kiasi kikubwa: wale simba wawili waliokula watu mwaka 1898 walikuwa madume, na hawakuwa na manyoya ya shingoni. Nimemwomba dereva mmoja wa Voi anitumie picha za huko, masikio yakionekana. Zikifika nitazifungulia faili lake, nisizichanganye na za Serengeti.