Nauliza mkondo kwanza, samaki baadaye

Nilipopata cheti changu cha kwanza cha kuzamia, huko Dahab kwenye Bahari ya Shamu, nilijiona nimeshaimaliza bahari. Mbizi nne za mafunzo, saba za kujifurahisha, basi nikawa nakesha natazama picha za samaki aina ya taa, wale wakubwa wa Komodo. Sikujua kwamba Dahab ilikuwa imenidekeza. Pale unavaa mtungi ufukweni, unaingia majini kwa miguu yako, unasimama kwenye maji ya kiuno ukitemea mate kioo cha miwani ili kisikufanyie ukungu, halafu unateremka polepole ukifuata mchanga. Roho ikikataa, unageuka na kurudi ulikotoka. Hakuna boti inayokusubiri wala watu unaowaharibia safari.

Komodo ni habari nyingine. Visiwa vile vya Indonesia vimekaa kwenye njia ambamo maji ya Pasifiki yanasukumwa kwenda Bahari ya Hindi, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu karibu na mwezi mpevu au mwandamo, milango ya bahari kati ya visiwa hugeuka mito. Mimi nilifika siku mbili baada ya mwezi mpevu. Sikuuliza, na waliotupeleka hawakusema. Wala hawakutaka kuliona daftari langu la mbizi, ambalo lingewaonyesha wana mgeni wa mbizi 11 ambaye cheti chake kinaishia mita 18.

Tuliambiwa turuke na kuzama papo hapo, bila kuelea juu. Masikio yangu yakakataa kuzibuka. Nilisimama kwenye mita nne hivi nikabana pua na kupuliza, labda kwa nusu dakika, na hiyo nusu dakika ikatosha. Wenzangu walikuwa wameshajibanza nyuma ya mwamba, mimi napelekwa kama jani. Kiongozi alikuja kunikamata mkono. Tulipofika mita 22 nikaona kitu ambacho sijakisahau: mapovu yangu mwenyewe hayapandi. Yalikuwa yanatoka mdomoni na kuteremka kupita magoti yangu. Maji yalikuwa yanakwenda chini, na yalitaka kwenda na mimi. Nikang'ang'ania jiwe kwa vidole vyote. Taa walipita, wawili, naambiwa walikuwa wazuri. Mimi nilikuwa naangalia geji: dakika ya 12 nilikuwa na bar 90 (bar ni kipimo cha mgandamizo wa hewa mtungini), wakati niliingia na 190. Tulijikokota kutoka kwenye mkondo ule, tukapanda, tukasimama dakika tatu kwenye mita tano kwa ajili ya usalama, na nikatoka juu na bar 30. Desturi ni kurudi botini ukiwa bado na 50.

Baadaye nilikaa na kalamu nikaelewa kilichonipata. Kila mita 10 za maji zinaongeza uzito wa angahewa nzima juu yako, kwa hiyo hewa unayoivuta inakuwa nzito kwa kiwango hichohicho. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika juu ya maji atatumia 40 kwenye mita 10, na 80 kwenye mita 30. Mtungi wa lita 12 uliojazwa bar 200 una lita 2,400. Weka kando zile bar 50 za akiba, zinabaki lita 1,800. Kwenye mita 10 hizo ni dakika 45. Kwenye mita 30 ni 22 tu, na hapo umetulia. Mwenye hofu anavuta hata mara mbili ya hapo. Mgeni akipelekwa kina kirefu penye mkondo anamaliza hewa kabla hajaona chochote, halafu anadhani yeye ndiye hajui.

Tangu hapo nimebadilisha namna ya kuchagua mahali. Swali langu la kwanza kwa watu wa boti ni la mkondo: siku hizo ni bamvua au maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana, na mbizi inapangwa saa ngapi kati ya kujaa na kupwa? Wanaojibu kwa saa na dakika nawaamini. Wanaojibu "usijali" nawaaga. Swali la pili ni namna ya kutoka majini. Watu wengi huuliza wanavyoingia, lakini kutoka ndiko kunakoumiza: ngazi ya boti kwenye mawimbi, mtungi mgongoni, mapezi mkononi, miguu imekwisha nguvu. La tatu, nikibadili mawazo katikati ya mbizi, nini kinafuata? Dahab jibu lake ni "unarudi". Cozumel, Mexico, kwenye mbizi za kupelekwa na mkondo, jibu ni "unapanda na boti inakufuata", na hilo pia ni jibu zuri mradi umeshajua kupandisha mwenyewe boya la kuonyesha ulipo. Majira nayaangalia mapema kwa sababu yanafuta mahali pazima: visiwa vya Similan, Thailand, hufungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Oktoba, ilhali Koh Tao, upande wa pili wa nchi hiyohiyo, ni Novemba ndipo mvua inapoharibu.

Nimeacha pia kuhesabu uzoefu kwa idadi ya mbizi. Mtu mwenye mbizi 200 za maji ya vuguvugu, mpeleke Silfra kule Iceland, kwenye maji ya nyuzi 2 hadi 4 na suti kavu, ile isiyoingiza maji, ambayo hajawahi kuivaa, uone anavyobiringika kama mtoto anayejifunza kutambaa.

Mtihani wenyewe ulikuja pale mdogo wangu alipopata cheti chake, akataka twende pamoja. Yeye mbizi tano, mimi sitini na kitu. "Dada, wewe si ndiye fundi? Chagua tu, mradi kuwe na meli iliyozama."

Wazo langu la kwanza lilikuwa Thistlegorm, ile meli ya Waingereza iliyopigwa na ndege za Wajerumani Oktoba 1941 ikazama Bahari ya Shamu na malori na pikipiki zake. Nilikuwa naitamani kwa miaka. Lakini sakafu yake iko kwenye mita 30, unashuka kwa kamba, na mkondo wake unaweza kukufanya upepee kwenye kamba hiyo kama bendera. Ningeifurahia mimi peke yangu. Nikafikiria Bonaire, kisiwa cha Karibiani ambako sehemu za kuzamia zimewekewa mawe ya rangi ya njano kando ya barabara, unaegesha gari na kuingia. Mahali pa amani sana. Ila kule mara nyingi mnakwenda wenyewe bila kiongozi, na sikutaka kuwa dada, mwalimu na mwokoaji kwa mkupuo. Yeye naye akaja na Hanifaru huko Maldives, kwa ajili ya taa. Nikamwambia kule mitungi imepigwa marufuku, watu wanaelea juu na mrija tu, kwa hiyo hata cheti hakihitaji. Alivunjika moyo kidogo.

Tukaangukia Tulamben, Bali. Hapo ipo Liberty, meli ya mizigo ya Marekani iliyopigwa kombora na nyambizi ya Wajapani Januari 1942, ikakokotwa hadi ufukweni, ikakaa nchi kavu zaidi ya miaka 20 mpaka mlima Agung ulipolipuka 1963 na kuisukuma majini. Imelala sambamba na ufuko, sehemu yake ya juu haifiki kina cha mita 10 na ya chini kabisa inakaribia 30. Maana yake watu wawili wa viwango tofauti wanaweza kuzamia meli moja. Tulichukua viongozi wawili. Kiongozi wake alibaki naye juu ya mita 18, mimi na wangu tukashuka hadi chini, kisha tukakutana juu kwa dakika za mwisho. Tarehe nilizichagua za maji mafu, ingawa pale mkondo kwa kawaida ni mdogo. Nimeshakuwa mwoga.

Kasoro yake ni ufuko. Hakuna mchanga, ni mawe meusi ya mviringo yanayobingirika chini ya nyayo kila wimbi linaporudi. Siku ya kwanza mdogo wangu alipiga magoti mara mbili kabla hajafika maji ya kifua. Tulijifunza kuingia viatu vimebana, mapezi mkononi, na kusubiri wimbi la tatu lipite.

Asubuhi ya pili tuliingia alfajiri, kabla ya wageni wa siku moja hawajafika na magari yao. Pono wakubwa wenye nundu kichwani walikuwa wanaamka ndani ya meli, wanatoka mmoja mmoja kama watu wa zamu ya usiku. Mdogo wangu alinishika kifundo cha mkono na hakuniachia. Tulipotoka geji yake ilisoma 80, baada ya dakika 44. Nilisoma mara mbili.

Ugomvi ulikuwa siku ya mwisho. Ndege yetu ilikuwa asubuhi ya kesho yake, na baada ya siku kadhaa za kuzamia unatakiwa ukae angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, ili gesi ya naitrojeni iliyobaki mwilini ipate muda wa kutoka. Yeye alitaka mbizi moja tu ya jioni, ya kuaga. Nikakataa. Tuliosha suti na mapezi bila kusemezana, na alininunia mpaka tulipofika uwanjani.