Afisa uajiri mpya aanze na simu, CV zisubiri

Kosa la kawaida kwenye kampuni changa za kutafutia watu kazi ni kumkabidhi afisa mpya rundo la CV siku ya kwanza. Atazichambua bila kujua mteja anataka nini hasa. Siku 2 asikilize simu za wateja, siku ya 3 aulize mwenyewe, mzoefu akiwa pembeni.

Mteja anasema, "Nataka mtunza ghala mzoefu." Mzoefu wa nini? Bidhaa ni aina ngapi, hesabu zinawekwa daftarini au kwenye Excel, zamu inaisha saa ngapi, na saa hiyo daladala zipo? Hilo la mwisho husahaulika, kisha mtu anaacha kazi ndani ya mwezi.

Kwenye pesa ndipo panapoharibika zaidi. Aulize pande zote mbili: kabla ya makato au mkononi? Hapa Tanzania, mshahara wa 800,000 ukitoa mchango wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 10, yaani 80,000, na PAYE (kodi ya mshahara) 60,000, unabaki 660,000. Anayedaiwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu anakatwa zaidi asilimia 15 ya huo mshahara wa 800,000 (120,000), anabaki na 540,000. Aliyedhani 800,000 ni ya mkononi atagoma siku ya kusaini mkataba, na lawama zitakuja kwenu.

CV isiende kwa mteja kabla mwenye CV hajakubali kwa maandishi, hata kwa meseji, na meseji hiyo itunzwe. Na mtafuta kazi asitozwe hata shilingi, hata ile inayoitwa "ya fomu". Ada inatoka kwa mwajiri.