Maji ya Mita 200

Chupa ya kwanza ya maji niliyovuta kutoka kina cha mita 200 ilinuka yai viza. Tulikuwa kwenye boti, saa nzima kutoka Kigoma, kamba imenichubua viganja. Nilipofungua koki, harufu ikanipanda puani. Mzee anayetuendeshea boti akacheka. "Hayo ndiyo maji ya chini, binti yangu. Samaki hawayataki."

Hawayataki kweli, maana hayana oksijeni. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, ila kwetu Kigoma oksijeni inakwisha mita 100 na ushee tu kutoka juu. Dagaa, migebuka na kila kinachovuliwa katikati ya ziwa kinaishi kwenye utando huo mwembamba.

Mimi nafuatilia naitrojeni, fosforasi na kaboni: vinatoka wapi, vinaishia wapi. Mama yangu anaanika dagaa Kibirizi, mwalo wa hapa Kigoma, tangu sijazaliwa, na swali lake ni fupi kuliko yangu yote: mbona beseni halijai kama zamani?

Nilimjibu tukiwa chanjani, tunageuza dagaa. Mwani ule mdogo usioonekana kwa macho unatumia jua, kaboni na virutubisho. Vijidudu vinaula mwani, dagaa wanakula vijidudu, mgebuka anakula dagaa. Kinachokufa bila kuliwa kinazama. Kikizama, kinaondoka na mbolea yake, kwa hiyo juu maji yanabaki meupe, mazuri kwa macho lakini yana njaa. Ghala lote liko chini, kwenye yale maji yanayonuka.

"Sasa nani anapakua?" akauliza.

Upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusi unasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule mwisho wa kusi, upande wa Zambia, maji ya chini yanapanda kujaza nafasi. Upepo ukitulia, ziwa zima linayumba taratibu kama maji kwenye karai lililobebwa kichwani, na sisi wa kaskazini tunapata fungu letu. Mama akaniambia wao wanajua siku nyingi kwamba dagaa wanafuata upepo. Hakuna aliyewahi kuwauliza.

Shida ni joto. Maji ya moto ni mepesi, yanakaa juu kama kifuniko, na kadiri juu kunavyozidi kupata joto ndivyo upepo unavyoshindwa kukiinua. Mwaka 2003 mtafiti Catherine O'Reilly na wenzake walisoma kaboni iliyohifadhiwa kwenye tope la sakafu ya ziwa wakakadiria kwamba uzalishaji wa mwani umeshuka kwa asilimia 20 hivi. Mwaka 2016 watafiti wengine walionyesha, kwa mabaki ya samaki kwenye tope hilohilo, kwamba samaki walianza kupungua kabla uvuvi wa kibiashara haujaanza.

Hapo ndipo roho inaponiuma. Ziwa lilipofungwa, uvuvi ukasimamishwa kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei 2024, niliona chanja tupu Kibirizi na wanawake wamekaa chini ya mwembe mikono mapajani. Siupingi mpango ule. Samaki wanahitaji kupumzika na nyavu za macho madogo zinaumiza kweli. Lakini nachukia kusikia mvuvi akisemwa kana kwamba yeye peke yake ndiye aliyelimaliza ziwa. Hakulipasha joto yeye.

Kwa hiyo napima. Alfajiri, karabai na taa za sola za wavuvi zikiwa bado zinazimika moja moja, natundika chupa zangu kwenye boya: jozi moja wazi ipate mwanga, jozi moja nimeifunga karatasi ya aluminiamu isipate mwanga. Zikishakaa majini kwa muda wa saa nne nazivuta. Kwenye iliyofungwa viumbe vimepumua tu. Kwenye ile wazi mwani umetengeneza oksijeni pia. Tofauti ya hizo mbili inaniambia mwani umezalisha kiasi gani asubuhi ile. Namba ni ndogo sana, na naziandika kwa penseli kwa sababu wino unatoka ukilowa.

Wiki iliyopita Mama aliomba kuja. Alikaa mbele ya boti na kitenge chake kimefunika kichwa, akashika chupa ya mita 200, akainusa, akanyamaza kidogo.

"Kumbe chakula chetu kinanuka hivi," akasema. Akanirudishia chupa kwa mikono miwili.