Ubao wa insulini: taa zinazozimika

Huu ni ubao wa kufundishia jinsi insulini inavyoifanya seli ya misuli iingize glukosi (sukari). Ulipofikia: plaiwudi ya sentimita 60 kwa 90 imeshachorwa seli ya misuli, na ishara inawaka kutoka kwenye kipokezi hadi Akt, protini inayosambaza ishara ndani ya seli. Vifaa vya kutafuta Kariakoo: Arduino Uno (bodi ndogo ya kompyuta inayoendesha taa), taa ndogo za LED, rezista za omu 330, na servo moja ya SG90 (mota ndogo).

Mwanzo ni mwepesi. Insulini inanasa kipokezi kwa nje. Upande wa ndani unajibandika fosfeti kwenye tairosini (mojawapo ya amino asidi zake), kisha unaibandika IRS, protini iliyo jirani. Kimeng'enya PI3K kinashikamana na IRS, kinageuza PIP2, mafuta ya utandoni, kuwa PIP3, na Akt inavutwa hapo.

Akt haitoshi kuwaka na kuzima tu. Kimeng'enya PDK1 kikiibandika fosfeti kwenye threonini 308 (amino asidi ya 308 ya Akt) inaanza kazi. Nguvu kamili inakuja kimeng'enya kingine, mTORC2, kikiongeza ya serini 473. Kwa hiyo mwanga wa taa ya Akt, kwenye pini 5, unaanza 60, kisha 255 (kiwango cha juu kabisa). Pini 9 na 10 hazifai: maktaba ya Servo kwenye Uno inachukua taima yake, na mwanga hauwezi tena kufifishwa.

Sasa breki, na hapa ndipo michoro mingi inapopotosha, kana kwamba kila fosfeti inawasha kitu. Protini mbili, AS160 na GSK3, zinafanya kazi ya breki insulini isipokuwepo. Akt ikizibandika fosfeti, zinazuiwa. AS160 ikizuiwa, protini za Rab zinaachiwa na vifuko vya GLUT4 (mlango wa glukosi) vinapanda utandoni kuingiza glukosi. GSK3 ikizuiwa, utengenezaji wa glaikojeni (akiba ya glukosi) unafunguka. Basi taa mbili nyekundu za AS160 na GSK3 zinawaka tangu mwanzo, na zinazimika Akt ikifika 255. Mwanafunzi akisema "mwalimu, hizi zimeungua," ndiyo nafasi ya kumweleza.

Kifuko cha GLUT4 ubaoni kinasukumwa na servo. Ikilishwa na pini ya 5V ya Arduino, volti inashuka inapoanza kuzunguka na Arduino inajiwasha upya: GLUT4 iko nusu ya safari, taa zote zimerudi mwanzo. Ipewe chanzo chake cha volti 5 na kapasita ya mikrofaradi 470 karibu nayo. Waya hasi za pande zote mbili lazima ziungane, la sivyo servo inatetemeka tu.

Bado: swichi ya PTEN, kimeng'enya kinachorudisha PIP3 kuwa PIP2, na kitufe cha mazoezi. Misuli inayofanya kazi hupandisha GLUT4 bila kupitia PI3K, kwa hiyo waya wa kitufe hicho utaingia baada ya Akt.